Mgeni wa Siku ya Tatu: Likizo ya Shamba Kaskazini mwa Pemba

Nyumba ninayoieleza hapa haina ubao barabarani wala jina la kibiashara. Ipo katika vijiji vilivyo baina ya Wete na Konde, mwendo mfupi kutoka barabara ya lami, na wenyeji huijua kwa jina la mwenyewe, ambalo sitalitaja kwa sababu ni mtu asiyependa kutangazwa. Hupokea familia moja tu kwa wakati mmoja, hasa skuli zinapofungwa, na anachokiuza ni kile ambacho sisi tuliokulia mjini Unguja tulikipata bure kwa bibi zetu, yaani siku chache za kuishi shamba. Nilikaa hapo usiku sita katika Disemba iliyopita, mimi, mama yangu mzazi na wanangu watatu. Naandika kwa kuwa jamaa wengi wameniuliza kama inafaa kwenda, na jibu langu ni refu kuliko linavyoweza kutoshea katika mazungumzo ya barazani.

Niseme kwanza ninaipima kwa kipimo gani. Katika miaka ya themanini, kila likizo ilipoingia, mama alitupandisha meli ya Mapinduzi bandarini Malindi, tukalala juu ya mkeka, na asubuhi tukaiona Mkoani. Kutoka hapo tulipanda gari la mbao mpaka Chake Chake, tukabadilisha gari, na kwa bibi tukafika jioni, vumbi likiwa limetukaa mpaka kwenye kope. Tulikwenda na sukari na sabuni, kwa maana ilikuwa kabla ya milango ya biashara kufunguliwa na vitu hivyo vilikuwa adimu, na tulirudi na muhogo, ndizi mbichi, nazi, na pakacha la shokishoki kama tulibahatisha msimu wake. Siku mbili za mwanzo bibi alitulisha na kutuacha tulale mpaka jua lipande. Siku ya tatu, bila ya kusema neno, kila mtoto alikikuta kifaa chake kimeegemezwa ukutani: huyu ndoo, huyu ufagio, huyu kikapu cha kuokotea mpeta, yaani karafuu zilizodondoka, chini ya mikarafuu. Wazee wetu wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na bibi aliufuata msemo huo hata kwa wajukuu wake wa damu. Nimekuja kufahamu ukubwani kwamba asubuhi ile ndiyo iliyotuvua ugeni, kwa kuwa tangu hapo watoto wa kijijini walituita kwa majina yetu badala ya kutuita watoto wa mjini. Kwa hiyo nilipokuwa nikifunga mizigo nilikuwa na swali moja tu juu ya nyumba hii, nalo ni kama watatupa jembe.

Nyumba ya bibi haipo tena. Baada ya kufariki kwake paa la makuti lilikosa wa kuliezeka upya, masika mawili matatu yakamaliza udongo wa kuta, na shamba likagawanywa kwa warithi ambao wengi wao wapo Unguja, Dar es Salaam na Maskati. Kilichobaki ni mafiga matatu na mdoriani mmoja mkubwa. Wanangu hawajapata kulala Pemba hata usiku mmoja, na mkubwa wao ameshafika miaka kumi na minne. Jambo hilo lilinikera moyoni kwa muda mrefu kabla sijatafuta pa kuwapeleka.

Safari ya siku hizi ni ya saa chache kwa boti, nayo haina haja ya maelezo mengi. Mama, ambaye tangu msiba wa Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama, hapiti mkondo wa Nungwi ila kwa Yasini, alifumba macho na kusoma mpaka maji yalipotulia, na wanangu wakanyamaza pamoja naye bila ya kuambiwa. Kasoro ya kwanza ya huduma niliikuta Mkoani. Gari tuliloahidiwa halikuwapo, na tukakaa karibu saa mbili kivulini na mizigo yetu, na mzee wa miaka sabini na minane akiwa juu ya sanduku. Mwenye nyumba alipofika aliomba radhi kwa unyenyekevu na kueleza kwamba gurudumu lilipata pancha njiani. Nilimwamini, lakini nilimwambia, na nasema tena hapa, kwamba simu moja ingetupumzisha. Anayechukua jukumu la kupokea wazee na watoto bandarini hana budi kulijua hilo.

Kuhusu malazi sina la kulalamikia. Vyumba ni vitatu, vimepakwa chokaa, vina vyandarua vizima na madirisha yanayopitisha upepo, na choo kilikuwa kisafi kila nilipoingia. Maji ya bomba yalikatika mara mbili, tukateka kisimani.

Jambo la chakula linataka nafasi zaidi. Usiku wa kwanza tuliandaliwa meza ukumbini, sisi peke yetu, kwa wali wa nazi, mchuzi wa changu na mchicha. Mama alipeleka tonge la kwanza mdomoni, akatafuna taratibu, akasema kwa sauti ya chini, “Tui hili halikukunwa.” Alikuwa sahihi. Niliuliza, na nikaambiwa kwamba kwa kuwa tulichelewa kufika walitumia tui la pakiti ili chakula kiwahi. Sababu naielewa, lakini kisiwa hiki kimejaa minazi, na mtu anayelipa ili wanawe wale chakula cha shamba hastahili kupewa wali ambao angeweza kuupika Unguja kwa kukata ncha ya mfuko.

Kilichotokea asubuhi yake ndicho kilichonifanya niiheshimu nyumba hii. Anayepika ni mama mtu mzima, rika moja na mama yangu au kasoro kidogo. Wanangu walimwamkia, “Chei chei, bibi,” naye akawaitikia, “Marahaba, wajukuu zangu,” akiwashika vichwa mmoja mmoja. Mama alisimama mlangoni mwa jiko na kubisha hodi kama anayeingia nyumba ya mtu, maana ndivyo ilivyokuwa. Yule mpishi hakumwambia kwamba wageni hukaa ukumbini. Alimsogezea mbuzi ya kukunia nazi, akasema, “Karibu, ndugu yangu. Nazi hizo hapo, na kifumbu kipo juu ya kinu.” Kuanzia saa hiyo mpaka siku tuliyoondoka, tui lilikunwa, likachujwa kwa kifumbu, likatengwa zito na jepesi, na sisi sote tukala jikoni kwenye mkeka, wageni na wenyeji katika sinia moja. Tulikula muhogo wa nazi na papa mkavu, majimbi, shelisheli la kuchoma, mikate ya kumimina ya asubuhi, na pweza aliyenunuliwa Tumbe akapigwa vizuri kabla ya kutiwa chunguni. Binti yangu wa kati, ambaye mjini huchagua chakula mpaka akachosha, alijifunza kukuna na akarudi na mkwaruzo kwenye kidole gumba. Mimi nilikwaruzwa na mbuzi kama hiyo kwa bibi nilipokuwa mdogo kuliko yeye, kwa sababu nilikuwa nikizungusha kifuu huku nikiangalia nje, na mpaka leo alama yake ninayo.

Siku ya tatu, nilipotoka kuswali Alfajiri, nililiona jembe. Lilikuwa limeegemezwa ukutani karibu na mlango wa chumba changu, na pembeni yake vikapu vitatu vidogo. Hakuna aliyetuambia kitu. Nilisimama pale kwa muda, na sikuona haya kwamba macho yalinijaa. Mama alitoka, akaviangalia vikapu, akamwita mpishi kwa sauti, “Wambaje, ndugu yangu? Leo sisi wenyeji?” Akajibiwa kutoka jikoni, “Leo nyinyi wenyeji.”

Jembe lilikuwa la muhogo wa chakula cha mchana. Vikapu vilikuwa vya mpeta zilizopururuka chini wakati wachumaji wakiwa juu. Hapa mwenye nyumba ana kanuni ambayo ni kinyume na ya utotoni kwangu, na namuunga mkono kwa moyo wote: mtoto wa mgeni hapandi mkarafuu. Sisi tulipanda. Mavuno yalipokuwa makubwa, skuli za Pemba zilifungwa makusudi ili watoto wasaidie kuchuma, nasi tuliotoka mjini tuliona fahari kuning'inia pamoja na wenzetu, ilhali mti wa karafuu hurefuka kupita nyumba na matawi yake hukatika bila ya kutoa onyo. Katika kijiji cha bibi nilimjua kijana aliyeanguka na hakutembea tena. Wachumaji wa shamba hili ni watu wazima, wanaofunga kamba na kuvuta matawi kwa upembo, na watoto hubaki chini kuokota. Mwanangu wa kiume alinuna kwa muda. Baadaye mwenye nyumba alimkalisha kwenye shina la mti mkongwe na kumweleza kwa nini watu huja Pemba, wala si Unguja, wakitaka kuona karafuu: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na ile ya Pemba ikasalimika kwa wingi, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao hilo. Kijana akauliza kama mti ule aliouegemea ulikuwapo siku ya kimbunga. Mwenyewe akamjibu kwa uaminifu kwamba hajui, bali alimkuta babu yake akiuita mkongwe.

Jioni kazi huhamia barazani. Vichala hutiwa katikati ya mkeka, watu huketi kuvizunguka, na huchambua. Unakishika kichala kwa mkono mmoja, unakibonyeza na kukisokota kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinadondoka upande huu na makonyo, yaani vijiti vyake, unayatupa upande wa pili. Hayo makonyo nayo hayaharibiki, kwani huuzwa yakaenda kukamuliwa mafuta katika Kiwanda cha Makonyo kilichopo Wawi, Chake Chake. Ni kazi ya mikono inayoiacha midomo huru, na hapo ndipo nilipoona wanangu wakizungumza na bibi yao kwa saa mbili mfululizo, jambo ambalo mjini silikumbuki. Alama yangu ya juu kabisa kwa nyumba hii naiweka kwenye mkeka huo.

Siku ya nne ilikuja mvua. Karafuu za siku mbili zilikuwa zimeanikwa uani juu ya majamvi manne, zimeshaanza kugeuka kutoka wekundu wake kuwa kahawia, na baada ya Adhuhuri wingu lilitokea upande wa bahari kwa ghafla, kama ilivyo kawaida ya vuli. Mpishi alipaza sauti moja tu: “Anueni!” Sijalisikia neno hilo likitamkwa kwa sauti ile tangu bibi alipofariki. Miguu yangu iliondoka kabla ya mimi. Mama, anayetembea kwa mkongojo, alikuwa wa kwanza kuishika ncha ya jamvi, watoto wa jirani waliruka ua bila ya kuitwa, na wanangu, ambao siku ya kwanza waliuliza intaneti iko wapi, wakakunja jamvi pamoja nao na kulikimbiza ukumbini. Hakuna aliyetuambia tukae kwa kuwa tumelipa. Jamvi la nne lililowa kidogo kwenye pembe, na karafuu iliyolowa huvunda, hupauka na kushuka daraja, kwa hiyo jambo hilo halikuwa mchezo kwa mwenye shamba.

Nilipokuwa na miaka tisa niliwahi kuliacha jamvi la bibi likilowa. Niliachiwa kulilinda, nikavutwa na mchezo wa nage upande wa pili wa njia, na mvua ilipoanza nikadhani ni ya kupita. Bibi hakunipiga wala hakunitolea neno baya. Alinikalisha mbele ya fungu lililolowa, akaketi ubavuni kwangu, na tukazichagua karafuu moja moja, nzima huku na zilizoharibika huku, mpaka taa ya kandili ikawashwa na wenzangu wakala na kulala. Niliwasimulia wanangu kisa hicho jioni ile tulipokuwa tukichagua za pembe ya jamvi, na mdogo wao akanisogelea na kuanza kuchagua upande wangu.

Sasa nieleze kasoro iliyonisumbua kuliko gari la kuchelewa, kwa maana hii hurudi kila siku. Ni usiku. Umeme wa kutoka Tanga uliingia Pemba mwaka 2010 kwa waya uliopita chini ya bahari, na ni neema ambayo hakuna anayeijua shida ya kandili atakayeikataa. Lakini katika nyumba hii, mara baada ya Isha, taa kubwa huwashwa uani na televisheni huwashwa ukumbini, na watu wote waliokuwa wakizungumza barazani hugeuza nyuso zao upande mmoja. Usiku kwa bibi ndio uliokuwa wa hadithi. Alisema “Paukwa,” tukaitikia “Pakawa,” na kiza chenyewe kilimsaidia, kwa kuwa hatukuwa na kitu kingine cha kutazama ila sauti yake. Usiku wa tano nilimwomba mwenye nyumba azime vyote viwili kwa saa moja tu. Alikubali papo hapo, akasema hapajatokea mgeni aliyemtaka hivyo, kwani wengi hulalamika kukiwa na giza. Mama akaanza hadithi ya Sungura aliyoipokea kwa mama yake, alipokwama mpishi akamsaidia, na ikadhihirika kwamba kila mmoja anaijua kwa mwisho tofauti. Walibishana kwa heshima na kwa muda mrefu, na watoto hawakulala mpaka walipozisikia zote mbili. Namwomba mwenye nyumba aifanye saa hiyo kuwa sehemu ya huduma yake, asingoje kuombwa.

Siku moja tulipelekwa Msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi, kwa malipo ya ziada. Msitu una miti mirefu inayofunika njia na kupoza hewa hata saa sita za mchana, na tulioneshwa popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana mahali pengine popote duniani, wakiwa wamening'inia kama mabunda ya majani makavu. Ni matembezi mazuri, ingawa mwenye siku chache singemshauri ayatangulize mbele ya siku ya karafuu.

Mtu mzima hulipa shilingi 50,000 kwa siku pamoja na milo mitatu, mtoto hulipa nusu yake, na usafiri wa bandarini huhesabiwa mbali. Kwa familia ya mshahara mmoja si fedha ndogo, na kwetu ilikuwa akiba ya miezi minane. Anayekusudia kwenda akae siku tano au zaidi, kwa sababu anayeondoka siku ya pili atakuwa ameijua nyumba ya wageni tu, safi na tulivu, na hatajua kwa nini nimeandika yote haya. Aulize mapema kama wachumaji watakuwapo juma hilo, kwani mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Na ampigie dereva simu kabla boti haijang'oa nanga Malindi.

Asubuhi ya kuondoka, mwenye nyumba aliwaita watoto watatu barazani na kuzipima mpeta zao kwa pishi, kama anavyowapimia watoto wa kijijini, akawalipa kiwango kilekile bila ya kuongeza wala kupunguza. Mpishi alitufungia pakacha la muhogo na majimbi, na mama akalipokea kwa mikono miwili, akamwachia khanga yake moja. Tulipopita Wete mwanangu wa kiume aliomba gari lisimame. Alishuka na fedha zake zote mkononi, akanunua halua ya baba yake, na kutoka hapo mpaka tulipofika Malindi hakukubali mtu mwingine yeyote aibebe.